Kisu Kipya Ndani ya Sanduku la Plasta

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana hiyo ndiyo siku nitakayoumbuka au nitakayopona, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, ukifika mwisho cheka upendavyo.

Mimi ni nesi wa kiume, nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi chumba cha vidonda, nasafisha, nafunga, naandika kwenye daftari, mgonjwa anayefuata, na nyumbani mimi ndiye mpishi siku ambazo sina zamu kwa sababu napenda kupika na mke wangu anapenda kula, kwa hiyo tunaelewana sana. Tunaishi kwa baba mkwe. Najua watu wanavyosema juu ya mwanamume anayeishi ukweni, Shangazi, usianze na hilo, tulihamia pale mama mkwe alipofariki ili mzee asikae peke yake, ingawa yeye huwaambia majirani kwamba sisi ndio tulioogopa kukaa peke yetu.

Sasa huyu mzee si mzee wa hivi hivi. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja, amelisha watoto ambao leo ni mahakimu na marubani, na siku anastaafu alitoka pale na vitu viwili, cheti ambacho hajui kilipo, na kisu chake, ambacho anajua kilipo hata akiwa usingizini. Hicho kisu Shangazi kimenolewa mpaka kimebaki upana wa kidole, tumbo limeingia ndani, ukikilaza kwenye kibao kinagusa ncha na kisigino tu, katikati panapita hewa, na mpini wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nyanya hakikati, kinaikanyaga. Kila asubuhi mzee akimaliza chai anageuza kikombe chake, anakinoa kwenye ule ukingo wa chini usiong'aa, shwaa, shwaa, shwaa, na makali hayaji kwa sababu chuma kimeisha, lakini nani amwambie? Watoto wake watatu kila mmoja ameshamletea kisu cha zawadi, cha kwanza kinakatia sabuni, cha pili kinafungulia makopo ya rangi, cha tatu alimpa jirani yetu fundi viatu. Anasema, "Watoto wananinunulia visu kama wananinunulia mikongojo. Mkono ndio kisu. Hivyo vingine ni vyuma tu."

Nilivumilia mwaka mzima kupika kwa kisu hicho, tena kwa kuomba, unasema "Baba, naomba kisu," naye anakukabidhi mpini ukiwa mbele huku anakuangalia kama amekupa mtoto mchanga, mpaka siku moja nikiwa nakata karoti mpini ukazunguka, kisu kikateleza, kidogo tu kiondoke na ukucha wangu, mimi ninayefunga vidole vya watu kutwa nzima. Nikasema basi, imetosha.

Nikaenda kwanza supamaketi, nikakuta seti ya visu kumi na viwili imesimama kwenye gogo la mbao, inang'aa, tamaa ikaniingia, nikaikumbatia mpaka karibu na mlango wa kulipia, ndipo mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, mpishi wa hoteli kwa sare yake, akaniuliza una mikono mingapi mwanangu, nikasema miwili, akasema basi rudisha hiyo, nenda duka la vyombo vya hoteli, nunua kimoja. Nikaenda. Dada wa pale dukani hakuwa na maneno mengi, akanipa kisu cha mpini mweusi wa plastiki kisichovutia hata kidogo, urefu wa makali yake tangu kifundo cha mkono wangu mpaka ncha ya kidole, chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, akaniambia usikishike kama fimbo, kibane pale makali yanapoanza, kidole gumba huku na cha shahada kule, vidole vingine ndiyo vishike mpini, usikie kama kinalala au kinakuvuta. Kikalala. Akakata ukanda wa gazeti mbele yangu bila kelele. Bei yake haifiki bei ya viatu ninavyovaa kazini, nikalipa nikatoka haraka kabla hajagundua kwamba amekosea.

Shangazi, siku ya kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, tukala vitunguu siku tatu.

Shida ni kwamba mzee alikohoa pale ngazini, nikashtuka, nikakifuta, nikakizungushia kitambaa, nikakitia kwenye sanduku langu la huduma ya kwanza, lile la bati lenye plasta na bandeji, ambalo liko juu ya kabati la korido na halifunguliwi na mtu isipokuwa mimi. Na humo ndimo kinamoishi mpaka leo, mwezi wa tatu huu. Nakitoa mzee akienda kucheza drafti kwa kinyozi, nakirudisha nikisikia kikohozi chake, halafu nachukua kile kisu chake cha zamani nakipaka karoti kidogo kionekane kimefanya kazi. Ndipo nilipofika, Shangazi, mtu mzima na cheti changu cha uuguzi.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba siku za zamu yangu mzee anapika mwenyewe, narudi nakuta kabichi imekatwa nyembamba kama uzi, nyanya unaweza kusomea gazeti, kwa kisu kile kile kilichonishinda mimi, nikakubali kwamba kweli mkono ndio kisu na mkono wangu ni wa sindano tu. Lakini nitetee na changu, ni chuma kizuri, wasomaji wako wajue, miezi mitatu sijakinoa hata mara moja na leo kina makali kuliko siku nilipokinunua. Hata kitambaa chake, mimi nakizungusha ovyo kwa haraka, lakini nikifungua sanduku nakikuta kimekunjwa pembe nne sawasawa, sijui nafanya hivyo kwa wasiwasi bila kujitambua, nilimwuliza mke wangu kama ni yeye, akatoka chumbani ameziba mdomo.

Halafu wiki iliyopita mzee alijikata kidole gumba cha kushoto, akaja kwangu amekwisha kujibandika plasta, nikaibandua, nikasafisha, nikafunga upya, kidonda kizuri sana, kimenyooka kama kimepigwa kwa rula, nikamwambia kitaalamu kabisa, "Baba, hii ni kazi ya mfuniko wa kopo." Akasema, "Ndiyo, ni kopo," akaangalia dirishani.

Sasa Jumamosi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaolewa. Wageni mia mbili. Watoto walitaka kuleta wapishi wa kulipwa, mzee akapiga meza, "Binti yangu haolewi kwa chakula cha kukodi," na mbele ya ukoo wote akatangaza kwamba atapika yeye, na kwamba mkono wake wa kulia siku hiyo nitakuwa mimi. Mimi! Vitunguu kilo thelathini, uwanjani, shangazi wote wa mke wangu wamekaa kwenye viti wanatazama. Na nadhani ameshanishuku, maana Jumapili aliniita, akaulaza mkono wangu wa kulia juu ya gazeti, akauchora kwa penseli pembeni pembeni mpaka ukaisha, akasema, "Mkono wa kuandika barua huu," akakunja karatasi akatia mfukoni. Jumatatu akachukua kisu chake akakipeleka kwa seremala, eti mpini, na mpaka leo Alhamisi hakijarudi. Nyumbani maisha yanaendelea vizuri tu, jana nilipotoka kazini nilikuta ametukatia karoti kama njiti za kiberiti, lakini ananitazama tu anatabasamu, na mimi tabasamu lile silipendi.

Nifanye nini? Nikirudishe kisu dukani, niungame, nimpe mzee kama zawadi, au niombe zamu siku ya Jumamosi nisiwepo kabisa? Nampenda huyu mzee, Shangazi. Baba yangu mwenyewe sikumjua. Nisingependa aone kwamba nilikula kwenye sahani yake huku nakidharau kisu chake.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Siri Kabatini.

*

Mpendwa Mkwe,

Nisamehe, sikungoja mwisho. Nilianza kucheka kwenye njiti za kiberiti, na mhariri wetu akaja kuuliza kama kuna mtu amepata mirathi.

Sasa kaa chini, weka hiyo bandeji pembeni, nikuulize maswali, na unijibu kitaalamu kabisa. Kisu cha mzee kiko kwa seremala tangu Jumatatu. Jana unayoitaja ilikuwa Jumatano. Jana hiyo umekula karoti nyembamba kama njiti. Alizikata kwa kitu gani? Kwa meno?

Plasta zako zinakaa kwenye sanduku ambalo halifunguliwi na mtu isipokuwa wewe. Mzee alikuja kwako ameshajibandika plasta. Aliitoa wapi? Aliichuma mtini?

Na wewe, nesi wa vidonda, mtu unayelipwa kutazama vidole vilivyokatika, umeona mkato ulionyooka kama wa rula, ukampa mzee wa watu uongo ulio tayari mkononi, akaupokea, akaangalia dirishani ili asikuchekee usoni. Mfuniko wa kopo unachana, mwanangu, unaacha kingo za hovyo. Mkato safi ni wa kisu kikali, na katika nyumba yenu kisu kikali kiko kimoja tu.

Hakuna kisu duniani kinachojinoa kikiwa kabatini, hata kingetengenezwa na malaika. Kikitumika miezi mitatu kinachoka, na kama chako kina makali kuliko siku ya kwanza, basi kuna mtu anageuza kikombe, shwaa, shwaa, shwaa, wewe ukiwa zamu. Kitambaa cha pembe nne nacho ni cha mtu aliyekunja vitambaa vya jikoni miaka thelathini na mmoja, mkono wake hauwezi tena kukunja vibaya hata ukiwa unaiba. Za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini nyumba yenu ina wezi wawili wa kisu kimoja: wewe unakipaka chake karoti ili asijue, naye anakifuta chako ili usijue. Na mkeo anajua yote. Mhurumie mbavu zake.

Nimemaliza kukugombeza kidogo. Sasa nikusifu kidogo, maana unastahili.

Kisu ulinunua vizuri. Ulimsikiliza yule mama wa hoteli, ukarudisha gogo la visu kumi na viwili, ambavyo tisa kati yavyo vingezeekea humo humo bila kuonja kitunguu. Wasomaji wangu wanaoniandikia kila mwezi kuhusu zawadi za jikoni, shikeni hapo: kisu kimoja, cha mpini wa kawaida, chuma kipite mpaka mwisho wa mpini, kilale mkononi bila kukuvuta, na bei isiyokufanya ukiogope. Kisu cha bei mbaya mtu hukitunza kwenye boksi. Wewe, hata hivyo, umenunua cha bei nafuu ukakitunza kwenye boksi, na hilo nakulaumu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema akakifiche chini ya pamba.

Tuje kwenye hofu yako. Unasema mzee ameshakushuku na atakuaibisha mbele ya ukoo. Hebu tulia utazame tena ile penseli. Mtu anayetaka kukuaibisha hana haja ya kujua upana wa kiganja chako. Anayechora mkono wa mtu kwenye gazeti, akaikunja karatasi akaitia mfukoni, kesho yake akaenda kwa seremala na kisu kinachohitaji mpini, huyo ana shughuli nyingine kabisa. Kile kisu hakitengenezwi kwa ajili ya mkono wake, nesi. Nikikosea niandikie, nitakula hilo kopo na mfuniko wake.

Watoto wake watatu walimpa visu, kila mmoja kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kurithi chake. Halafu ukaja wewe, mtoto wa watu, mwaka mzima unasema "Baba, naomba kisu." Ulidhani unaomba chombo cha kukatia karoti. Mzee alikuwa anasikia neno jingine, na nadhani kwa muda mrefu hakuwa ameambiwa. Mpishi wa miaka thelathini na mmoja hajui kusema chuma kimeisha. Atakufa hajasema. Ila anajua kukabidhi, na kwa kukabidhi anahitaji mtu.

Basi sikiliza, na safari hii fanya ninavyosema.

Dukani hukirudishi. Zawadi humpi, cha nne kitaishia kwenye sabuni kama ndugu zake. Zamu huombi, ukithubutu kuomba zamu Jumamosi nitakuja mwenyewe mpaka chumba cha vidonda, na utapata kazi ya kujifunga. Kuungama kwako nakuruhusu, lakini ungama yako tu. Ya kwake usiiguse. Usimwambie "najua unakitumia," usikonyeze jicho, usiulize habari za plasta mpaka siku yeye mwenyewe atakapoisimulia, na ataisimulia, pengine kwa wajukuu, na katika simulizi hiyo wewe utakuwa mjinga. Kubali.

Jumamosi asubuhi, kabla viti havijapangwa, toa sanduku lako juu ya kabati mbele yake, ulifungue, ukitoe kisu, ukiweke mezani. Tandika kitambaa kibichi chini ya kibao ili kisiteleze, na kibao kiwe cha mbao, mambo ya kukatia juu ya sahani au vigae ndiyo yanayoua makali. Halafu useme hivi, na usiongeze chumvi: "Baba, nilinunua hiki nikaona aibu kukitoa. Kunoa sijui. Naomba unifundishe." Atakigeuza geuza kama hajawahi kukiona. Atasema mpini ni wa plastiki. Atasema vijana wa siku hizi. Mwache aseme yote, ni haki yake. Atageuza kikombe, na wewe simama karibu utazame mkono wake unavyokilaza, kwa sababu huo ndio ushauri wa bure ambao hakuna duka litakuuzia. Akishamaliza atakijaribu kwenye kitunguu, na hatakuwa na haraka ya kukurudishia. Usikidai. Kazi ikiisha kioshwe kwa mkono, kikaushwe hapo hapo, na kikae mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo anaweza kukichukua bila kukohoa.

Wewe utakata kwa kisu gani? Mzee ameshalifikiria hilo kabla yako na kabla yangu. Kisu kile cha zamani si cha kabichi tena, lakini chuma chembamba namna ile ni kizuri ajabu kwa kumenya na kwa vitunguu saumu, kikiwa na mpini usiozunguka. Naye anajua. Atakapokitoa kwenye karatasi ya seremala, tena mbele ya wale shangazi wote kwenye viti vyao, usitoe hotuba. Pokea kwa mikono miwili. Useme "Ahsante, Baba," uanze kumenya.

Na machozi yakija, kwa jinsi ulivyomaliza barua yako naona yatakuja, usikimbilie chooni kama mgonjwa wa sindano. Uko mahali pazuri kuliko wanaume wote duniani wanaojizuia siku kama hiyo. Mbele yako kuna vitunguu kilo thelathini. Lia mwanangu, lia mpaka utosheke, na mzee akilia pembeni yako, endelea kumenya.

Shangazi wako.